Deusi Hakunisubiri

Jumamosi, usiku

Na cheti cha kuzamia ninacho! Lakini mwalimu hamruhusu mtu kuzamia peke yake, na leo Deusi wa Nyakato, mwenzangu wa tatu wa kuzamia, ameniacha majini.

Masikio yaliniuma, nikasimama kwenye kamba ya kushukia, nikabana pua na kupuliza ili yazibuke, kama tulivyofundishwa. Deusi akanitazama, akashuka zake. Niliogopa sana.

Alipoibuka akaniuliza mbele ya wote, "Ndugu, tumekuja kuzamia au kusali rozari?" Wakacheka. Hao hao wanaohubiri ujamaa kila asubuhi.

Nisipopata wa kuzamia naye wiki ijayo, mtungi wangu wa hewa atapewa mwingine.

Nimesomeshwa lugha mbili, na jibu nililolipata ni hili tu: "Samahani, Deusi, nimekuchelewesha."