Blanketi Juu ya Kisanduku cha Joto

Marahaba, mjukuu wangu Paskalina. Babu yako kifua kimemwachia, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike.

Unasema akina mama wanakitumia vibaya kifaa mnachokijaribu kwa fedha za serikali, na unaniuliza mfanyeje.

Mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, karakana moja ndogo ya Katesh ilipewa fedha kama hizo itengeneze kisanduku cha joto cha watoto njiti. Akina mama wa Bashay tuliombwa kukijaribu, chupa ya maji ikiwa ndani badala ya mtoto. Sote tulikifunika blanketi, mimi wa kwanza. Matundu ya hewa ya juu yakaziba, maji yakawa ya kuunguza. Afisa wa serikali akafoka, "Hawa wafundishwe!"

Mwenye karakana, Bwana Salimu, akamjibu taratibu, "Baridi ya Bashay imewafundisha kabla yangu, mzee." Akarudi nacho Katesh, akahamishia matundu chini.

Kilipokubaliwa hospitalini, mjomba wako, kitinda mimba wangu, akazaliwa kabla ya siku zake. Nilimlaza humo, nikatandaza blanketi langu juu, na hakuna aliyenikataza.

Bibi yako, Bashay