Maji ya Msaliti

Mume wangu Baraka,

Marahaba. Babu yako bado anaona wivu nikikuita hivyo, lakini magoti yake yamepata nafuu, na dagaa wamerudi ziwani.

Umeniuliza kama anayetoboa siri ya serikali ni msaliti. Nitakuambia habari za Skola, nesi wa kijiji chetu cha zamani. Wakati huo ndiyo kwanza nimemwachisha mama yako ziwa. Watu wakaanza kuharisha, na bwana mkubwa mmoja wa serikali akaja na boti kutuambia ni tumbo tu, litapita. Kumbe Skola alikuwa amekatazwa kuutaja ugonjwa wenyewe, eti ni siri ya serikali. Asubuhi akaja mwaloni tulipokuwa tunaanika dagaa, akapaza sauti: "Jamani, ni kipindupindu! Msinywe maji bila kuchemsha!"

Watu wa serikali wakampandisha boti huku wakimwita msaliti. Kazi hakurudishiwa. Hatukumtetea, ila siku ile kila jiko lilikuwa na sufuria ya maji.

Mambo ya sheria utayasoma huko chuoni. Mimi ninachojua, mama yako alikunywa maji ya msaliti, akakua, akakuzaa wewe.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi, Ujiji