Ukwato Uliokuwa na Moto

Mjukuu wangu Salma,

Huku Mtongwe tu wazima, na bibi yako ameanza tena kwenda sokoni. Umeniuliza kama umwambie tajiri wako kuwa farasi wake anachechemea, na mashindano ni Jumapili.

Ujanani nilitunza farasi Mkomani. Asubuhi ya mashindano niliinua mguu wa farasi jike mmoja, nikausikia ukwato una moto, nikajua anaumwa. Mwenye farasi alikuwa ashavaa nguo za mashindano, uso umemchangamka. Nikaona haya kumharibia siku, nikamtia farasi matandiko.

Kwenye kiunzi cha pili cha kuruka yule farasi alianguka, asiinuke tena. Watu walinipa pole, nami nikaipokea.

Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia kuwa nilijua.

Babu yako