Fisi Wangu Hubisha Hodi

Bi Mshauri mpendwa,

Natanguliza radhi kwa kukuchukulia nafasi ambayo wenye shida kubwa kuliko yangu wangeihitaji, lakini naomba msaada wako, kwani mimi ni mgane wa hapa Ganda, na mke wangu Dorcas alipoitwa na Bwana, binti yetu Pamela alinifundisha mchezo wa karata za wanyama ili nisishinde nikitazama ukuta, nami nikaunda fungu langu la karata za wanyama wadogo wenye mbio, yaani fisi, nguchiro na nyegere, ambao hushambulia tangu zamu ya kwanza, na tulipokuwa wawili nilimshinda Pamela mpaka akakumbuka kazi yake Nairobi, ila sasa kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya hucheza na wenzangu watatu, Phineas fundi wa friji, Bi Viola muuza vitenge, na Bi Zipporah, mjane anayeimba sauti ya pili, na katika meza hiyo ya watu wanne sijapata kushinda.

Huenda ni malezi ya misheni, kwani siwezi kumvamia mtu bila kubisha hodi, hivyo husema, “Bi Viola, kwa heshima zote, zamu ijayo nakusudia kukushambulia,” naye hujibu, “Asante kwa taarifa, baba,” kisha huweka mamba mlangoni. Bi Zipporah simgusi kabisa, nafsi hukataa, na Phineas, ambaye hupokea fisi wote, aliniuliza juzi, “Mzee Kitsao, kwani huyu mama amechanjwa?” wakacheka, isipokuwa Bi Zipporah, ambaye alikuwa ameshinda tena, akakusanya karata zake akasema, “Mzee, sikuja hapa kutunzwa kama mgonjwa. Ukiniruka tena Jumamosi hii, nahamia meza ya Kilifi.”

Bi Mshauri, Jumamosi bila yeye sitaiweza, na kumshambulia pia siwezi. Uniwie radhi kwa urefu wa barua.

Wako mtiifu,
Kitsao, Ganda

*

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa kufiwa, na pole zaidi kwa Phineas.

Unachokiita adabu, wenzako wanakiita tangazo. Koma. Tena fungu lako limeundwa kwa wachezaji wawili. Kwa wanne, ukishammaliza mmoja umeishiwa pumzi, na wawili waliobaki wanakutazama wakiwa wameshiba. Toa nusu ya nguchiro. Weka wanyama wanaouma wapinzani wote kwa mpigo mmoja, na karata zinazokuruhusu kuvuta karata nyingine, mkono usibaki mtupu. Mnyama aliyekwenda kushambulia hawezi kulinda zamu hiyo, kwa hiyo mwache mkubwa mmoja nyumbani.

Kisha piga mwenye nguvu, si mwenye kelele. Mwenye nguvu mezani penu ni Zipporah, na umemnenepesha mwenyewe. Mama huyo amekuomba waziwazi umchukulie kama mchezaji, wewe unamhurumia. Hiyo si heshima, mzee wangu, na nashangaa amevumilia hivyo.

Jumamosi mpelekee fisi wote, bila hodi. Ukimshinda, mnunulie chai na mahamri. Akikushinda, mnunulie vilevile. Ila usimwachie makusudi, maana atajua, na hapo hata mimi nitamsaidia kutafuta gari la Kilifi.