Joka Lenye Mafua

Kenyatta Market, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Kwako Dada Wakesho,

Shikamoo, Dada. Mguu wa Mama umepoa? Na watoto je, na yule ng'ombe mkorofi ameacha kupiga ndoo teke? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sijui nikueleze vipi. Nimeona niandike, maana simu ya dukani kwenu mtu akiongea, kijiji kizima kimeshajua kabla hajaikata.

Uliniuliza neno moja tu, ndiyo au hapana. Mwalimu anataka kuleta wazee wake nyumbani kunichumbia, na Baba anangoja jibu langu. Najua nimechelewa. Ningekuwa nimeshajibu zamani, ila kuna kitabu kimenivuruga, na usicheke.

Nilikinunua mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya njia. Jalada lilishang'oka, kwa hiyo hata jina lake silijui. Ni cha Kiingereza, cha mapenzi, lakini si yale mapenzi ya kupigana makofi na kulizana. Kuna kijiji kidogo ambako mvua haikatiki, na mwanamke mmoja anayefuga nyuki na kuponya kuku kwa maneno. Ana joka dogo linalotema moto, hulala ndani ya jiko lake na kumwashia. Siku moja joka likapata mafua, moto ukakosekana. Mwoka mikate wa jirani akawa anamletea makaa kila asubuhi. Basi, ni hayo tu. Hakuna anayekufa, hakuna anayenyang'anywa shamba. Kurasa na kurasa ni watu wanakunywa chai na kutazamana. Nikajiuliza, Mghoi, mtu mzima wewe, unasoma nini? Na bado nilikuwa nikifika chumbani kwangu Woodley, hata viatu sijavua, nakitafuta.

Unajua kusuka nywele ni kazi ya kutwa, mikono ina shughuli lakini mdomo hauna. Nikaanza kuwasimulia wateja. Hapo ndipo nilipokosea. Kitabu kinamwita yule mwanamke kwa neno ambalo kwetu ni mchawi tu, sikupata lingine, nikasema mchawi. Mama Njoki, mteja wangu mmoja mtu wa kanisa sana, akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

"Mchawi? Na watu wanakunywa chai yake?"

"Ni mchawi mzuri, Mama."

"Hakuna kitu kama hiyo. Na hiyo kitabu unalala nayo nyumba moja?"

Nikambadilisha jina, nikamwita Mama Nyuki. Mama Njoki akaketi. Sasa ndiye wa kwanza kuniuliza, "Hiyo nyoka yako imepona homa?" Siku hizi huja hata kama hana cha kusukwa, na si yeye peke yake. Wote wanataka kujua mwoka mikate amesema nini. Na hasemi kitu, Dada. Analeta makaa tu.

Sasa sikiliza kilichonipata. Juzi asubuhi nilikuwa nasimulia, nimefika pale pale mwoka mikate amesimama mlangoni na makaa yake, mara akaingia Mutiso. Huyu ni mchoma nyama wa kibanda cha pili. Sisi tukimaliza kusuka huchovya ncha za nywele kwenye maji ya moto zisifumuke, kwa hiyo jiko lazima liwake mapema, na Mutiso huniletea makaa yaliyokwisha kushika, kwenye kifuniko cha sufuria. Ameyaleta tangu nianze kazi hapa, na sikuwahi kulifikiria. Jirani ni jirani.

Akayamimina, akauliza kama kawaida yake, "Imeshika?" Nikajibu, "Imeshika." Saluni nzima ikageuka. Mama Njoki akanitazama kwenye kioo.

"Mghoi, huyu ni nani?"

"Ni Mutiso."

"Mimi najua ni Mutiso. Nauliza kwa kitabu ni nani."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha chanuo. Mutiso hakucheka. Aliinama akaanza kupuliza jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Tangu siku hiyo sijielewi. Mutiso hajanitamkia neno. Huenda ni wema wake tu, na mimi na kitabu changu tunajitungia. Mwalimu hana kasoro hata moja, ameniandikia barua nzuri, na nikiisoma nafurahi kama ninavyofurahi nikisikia mtu amepata kazi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa? Wewe umeolewa, niambie. Ulijuaje? Mama akimsema mgeni asiyekaa husema, "Alikuja kuomba moto." Je, anayeleta moto tumsemeje? Sura ya mwisho sijaisoma. Naogopa Mama Nyuki atampata yule bwana, naogopa pia atamkosa, na sijui namwogopea nani.

Leo Mutiso hajafika. Wateja wawili wanangoja, maji ni baridi, nami nimekaa kwenye kigoda nakuandikia. Mama Njoki ameniambia niende nikaombe kiberiti kwa majirani. Nimemwambia tungoje kidogo.

Nisalimie Mama na mguu wake. Baba mwambie asinikasirikie. Salamu kwa shemeji, na kwa shangazi wa kinu cha posho, mwambie kitambaa chake nimekipata. Mwalimu pia msalimie kwa heshima zote, lakini usimwambie lolote bado.

Mdogo wako mwenye kichwa kizito,
Mghoi

Dada, nimetia mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta gundi ya bahasha. Kiberiti ninacho. Kimekaa humo siku zote, na sijawahi kukiwasha. Mwambie Mwalimu asiwasumbue wazee wake.