Mama na Ndege za Fort Worth

Grand Prairie, Texas

Mdogo wangu Neema,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha sote. Kifua cha mtoto kimepoa? Na wewe mwenyewe, mgongo umekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila ugali wa huku anausema vibaya kila siku.

Umeniuliza kuhusu maneno ya kaka yetu Bahati. Ni kweli, anataka Mama ahamie kwake Houston, kule Sharpstown, kwa sababu ndege za kivita zinazoundwa hapa jirani, Fort Worth, zinapita juu ya paa langu. Anasema nitamuua Mama kwa presha. Bahati asikutishe. Habari za ndege niulize mimi.

Kazini ghalani, Mrundi mmoja alisema F-16 imezeeka. Nikamwambia mzee akiwa mwepesi bado anacheza ngoma. Ile ni ndogo, injini moja, inageuka upesi, na ilizaliwa hapa hapa. F-35 ni nene kama kuku wa Krismasi, lakini inaona mbali, na vita vya leo ni vya macho. Ukitaka uzuri, basi ni YF-23 ya majaribio. Ziliundwa mbili tu, zikashindwa mashindano, sasa zimekaa makumbusho. Nasema waziwazi, waamuzi walikosea. Sijaona chuma kizuri kama kile.

Mama alipofika, ya kwanza ilipopita alinikamata mkono kwa hofu. Nikamtoa uani nikamwonyesha. Tukawa tunazitazama pamoja kila jioni, namweleza. Juzi alimwambia mke wangu, "Sikiliza, ile iko na injini mbili."

"Mama, na weye amekuambukiza!" mke wangu akacheka.

Basi Jumapili Bahati akaja kumchukua. Tulikuwa mezani baada ya ibada. Ikapita ndege ya kizamani, ya mapangaboi, chini sana, ikivuma polepole. Wewe ulizaliwa kambini, ukimbizini, hukuisikia ile iliyotujia kule nyumbani. Haikuwa ya kasi. Ilikuwa ya mapangaboi, ilizunguka taratibu bila haraka yoyote, kisha nyumba ya babu haikuwepo, na babu hakuwepo.

Nilipopata akili nilikuwa chini ya meza, mimi na kipara changu, mikono kichwani. Amani, mwanangu wa kwanza, akainama akaniuliza, "Dad, are you okay?" Neema, niliogopa sana. Labda ndiyo maana nazipenda hizi za kasi, kwa kuwa hazivumi vile.

Mama ndiye aliyeweka sahani chini. Akaketi sakafuni kando yangu, akanishika shingo kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Bahati alikuwa mlangoni na sanduku la Mama.

"Mama, twende, gari iko tayari."

"Mi nikienda Houston," Mama akamwambia, "nani atabakia na huyu hapa chini?"

Bahati alilirudisha sanduku chumbani mwenyewe.

Msalimie shemeji yangu fundi baiskeli, na mama mkwe wako, na mama mdogo anayeuza dagaa sokoni. Wakiuliza Mama anaishi wapi, waambie anaishi kwangu.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Papa Amani