Ndovu Mdogo Ndani ya Kisima cha Nolari

Shule ya Olkujita,
Loitokitok.
19 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Mepukori,

Pokea salamu nyingi za nyumbani, za wazee, za watoto na za mifugo. U mzima? Mwili una nguvu? Na ng'ombe wa huko Australia hawajambo? Sisi sote tunaamka vizuri, ila mgongo wa Baba unamsumbua akikaa sana, na yeye ndiye asiyetaka kusimama pakiwa na mazungumzo.

Picha zako zilifika. Nilimwonyesha Baba ile ya mtu anayeswaga ng'ombe kwa helikopta. Aliitazama weee, kisha akasema mtu anayechunga akiwa hewani atawajuaje ng'ombe wake kwa majina. Mama naye anauliza kama huko mnapewa maziwa ya kutosha. Mjibu mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Mvua bado. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama wenyewe bila kuinuliwa mikia, kwa kuwa safari hii malisho ya mlimani yalifungwa mapema na hakuna aliyeyaiba. Ndama wana majani. Unaikumbuka miaka ile tulipokuwa tunachuna ngozi za ng'ombe waliokufa kila asubuhi, kwa hiyo unajua ninachokuambia.

Mimi sasa nafundisha hapa Olkujita, shule iliyojengwa na kijiji chenyewe. Asubuhi tunashika vitabu kama shule nyingine zote. Jua likipanda tunatoka nje. Watoto wanachimba vishimo vya nusu mwezi vya kukinga maji ya mvua pale ardhi ilipobaki kipara, wanapanda nyasi, wanajifunza miti ya dawa kwa bibi zao, na hesabu wanazifanya kwa shanga na kwa mbuzi. Wakigombana hawachapwi. Wagomvi wanakalishwa pamoja washone mkufu mmoja mpaka uishe. Ungewaona wanavyonuna huku wakipokezana sindano, ungecheka.

Si wote wanaoipenda. Mpinzani mkubwa alikuwa wifi yangu, shemeji yako Nolari. Siku moja alinijia hapa shuleni mbele ya walimu wenzangu akasema, "Mwalimu, nimekuletea mwanangu Nasinkoi ashike kalamu. Mavi ya ndovu anayaona nyumbani bure." Walimu walicheka. Mimi sikucheka. Tangu ndovu amuue kaka yetu, Nolari hataki hata kusikia mnyama huyo akitajwa, na nani wa kumlaumu?

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo Baba alinikataza nisikuandikie mpaka lijulikane mwisho wake. Lile shamba la marehemu karibu na kinamasi, Nolari alikuwa ameamua kumkodishia mkulima wa nyanya kutoka mjini. Mkulima angezungusha nyaya za umeme. Na wewe unapajua pale: huku mwamba, huku tope, katikati ndiyo njia. Pakifungwa, ng'ombe wa kijiji kizima hawafiki majini wakati wa kiangazi, na wanyama wa porini nao watatafuta njia nyingine katikati ya nyumba zetu. Hifadhi yote ya kijiji tuliyoihangaikia ingekuwa chupa iliyozibwa shingo.

Wazee walikwenda kumsihi. Aliwapa chai, akawasikiliza, kisha akawaambia, "Mnataka mlango wa ndovu ubaki wazi. Siku walipopita kwenye mlango huo wakamkuta mume wangu, mlikuwa wapi?" Wakamaliza chai yao, wakaaga. Shamba ni lake, na neno lake ndilo lililosubiriwa. Mkulima alikuwa aje Alhamisi.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumatano.

Nililipeleka darasa la tano kuangalia nyasi tulizopanda upande wa visima. Kabla hatujafika, Nasinkoi akasimama. "Mwalimu, kuna kitu kinalia chini." Nikadhani ni ndama. Nikasogea kwenye kile kisima kirefu, kile alichokichimba kaka yetu na rika lake, ambacho sasa ni cha Nolari. Mepukori, nilipochungulia nilikutana na macho. Ndovu mdogo, ameloa matope mpaka masikioni, mkonga wake umenyooka juu kama mtu anayeomba mkono. Na nilipoinua kichwa nikamwona mama yake kwenye migunga, amesimama na wenzake, anapiga masikio.

Niliwapandisha watoto wote juu ya mwamba, nikamtuma kijijini mwenye mbio kuliko wote. Mimi mwenyewe, mbele ya watoto, nikajifanya mwamba wa pili.

Wakaja morani, wakaja akina mama, akaja Baba na mgongo wake. Askari wa wanyama wa kijiji wakawasha pikipiki zao wakakaa kati yetu na wale ndovu wakubwa. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kumtoa mzima maana yake ni kuubomoa ukuta mmoja wa kisima na kuchimba mteremko, na kisima kikibomolewa kiangazi hiki, ng'ombe wa Nolari watakunywa wapi? Morani mmoja, Tumanka, mtoto wa jirani yetu, akasema bora achomwe mkuki upesi, atolewe kwa vipande, kisima kibaki. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mwalimu wa hifadhi, lakini nakuambia kweli, uamuzi haukuwa wangu, maana kisima si changu.

Nolari akafika. Watu wakampisha. Akachungulia ndani. Yule mdogo akaunyoosha mkonga wake kuelekea viatu vya Nolari.

"Nani alisema mkuki?" akauliza.

"Mimi, mama," akajibu Tumanka. "Wamekuonea. Nao waonje."

"Huyu ndiye aliyenionea? Huyu ambaye hata meno hana?"

"Basi kisima chako, mama."

"Kisima changu nakijua. Wewe mwanangu, ukimwua mtoto mbele ya mama yake, jioni utaweka wapi macho yako?" Akafungua shuka lake, akalifunga kiunoni. "Leteni majembe. Anayetaka kusimama asimame mbali, asitupigie kivuli."

Basi tukachimba. Wanaume, wanawake, kila mtu. Nolari alikuwa wa mbele, anatoa amri kama sajini: wewe jiwe hilo, wewe acha kuongea, wewe morani mzima unachimba kama unakuna mgongo. Ukuta uliposhuka, maji yakachafuka yote, nikamwona akiyatazama, halafu akainama akaendelea. Juu kule kwenye mwamba watoto walikuwa wameambiwa wanyamaze. Walijitahidi. Lakini yule mnyama alipoweka mguu wa kwanza kwenye mteremko, darasa zima likaanza kumsukuma kwa sauti, "Panda! Panda!" nami nikapanda nao kwa sauti hiyo hiyo. Mwalimu gani mimi.

Akapanda, akateleza, akapanda tena, akatoka. Unadhani alikimbilia kwa mama yake? Alimwendea Nolari. Akamsukuma na kichwa kwenye mapaja, akamzungushia mkonga, anatafuta titi. Watu wote tuligeuka mawe. Mama yake kule akapiga kelele ambayo niliisikia tumboni.

Nolari akamshika masikio, akamgeuza, akampiga kofi la matakoni kama anavyowapiga ndama wakaidi. "Nenda kwenu. Mimi wangu ninaye." Mtoto akakimbia, masikio yanapepea, mpaka chini ya tumbo la mama yake. Wakampapasa wote, kila mkonga, kisha wakaingia migungani wakaondoka.

Wifi yangu akakaa chini kwenye tope, akalia. Tulipomzika kaka yetu hakulia, unakumbuka watu walivyosema. Siku hiyo alilia, na Mama akaenda akakaa naye kwenye tope hilo hilo.

Kesho yake mkulima wa nyanya alifika, mtu mwenye adabu, na wazee wakakaa. Nolari akasimama kuongea katikati ya wanaume. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemzuia. Akasema shamba hakodishi, litaunganishwa na hifadhi. Nilitaka kuruka, lakini alikuwa hajamaliza. Akataka kijiji kizima kimjengee kisima chake upya. Akataka maji ya wanyama yachimbwe mbali na njia ya watoto na ya wachungaji, "maana anayesema tuishi nao aseme pia tutaishije." Na akataka kiti kwenye kamati ya hifadhi, yeye na mjane mwingine yeyote aliyeumizwa.

Mzee mmoja akakohoa, akasema kamati haijawahi kuwa na wanawake. Baba akainuka na mgongo wake huo, akasema, "Mlikwenda kwake kuomba njia. Amewapa. Sasa yeye anaomba kiti, mtautoa wapi uso wa kumnyima?" Ikaisha hapo. Mkulima akanywa chai, akawatakia mvua, akaenda zake.

Kisima kimekwisha, ndugu yangu, na ni kizuri kuliko cha kwanza. Darasa langu lilijifunza pale upana, kina na uzito wa mawe, na viganja vyao vina malengelenge wanayoyaonyesha kama medali. Maji ya wanyama tunaanza kuchimba wiki ijayo, mahali alipopachagua Nolari. Nyaya hakuna. Juzi niliwaona pundamilia wakipita pale shambani nyuma ya ng'ombe wetu, kundi moja tu ungesema.

Na jana asubuhi nilimwona Nolari akija shuleni na Nasinkoi kwa njia ya migungani. Tangu msiba hakuwahi kuikanyaga, alikuwa akizunguka mlima wote. Walisimama kidogo pale tulipomkuta kaka yetu, wakang'oa nyasi, wakaziweka chini kama watu wanaofanya amani, wakaja. Alipofika akaniachia mkono wa mtoto, akasema, "Mfundishe yote." Akageuka, akarudi kwa njia ile ile.

Wasalimie vijana unaokaa nao, na yule mzee mwenye shamba. Mama anakusalimu, anasema ule nyama. Nolari anakusalimu, na Nasinkoi anauliza utakuja lini kuona kisima. Baba ameitemea barua hii mate ya baraka kabla sijaifunga, kwa hiyo ukikuta doa kwenye kona usidhani nimelia. Mungu wetu Engai akulinde ugenini kama ngozi inavyoulinda mwili, akurudishe kwetu majani yakiwa marefu.

Ni mimi dada yako akupendaye sana,
Resiato